Kiendeshi Kinaposhindwa Katikati ya Kazi

Ndani ya kila kompyuta mna programu iliyo juu ya programu nyingine zote, nayo huitwa kiini. Ndicho kigawacho kumbukumbu na kuamua ni programu ipi itumie mtambo na kwa muda gani. Kiini cha Linux, kilichoanza kuandikwa na Linus Torvalds mjini Helsinki, Finland, mwaka 1991, hubeba pia viendeshi, yaani programu zinazokiwezesha kuzungumza na vifaa. Viendeshi vya michoro, vinavyotia picha kwenye skrini, vimo miongoni mwa vile vilivyo vikubwa na vigumu zaidi.

Kiendeshi cha namna hii kinapoamshwa hufanya kazi kwa hatua. Huomba kumbukumbu ya kuwekea habari za kifaa. Hukiwashia kifaa umeme. Hufungua njia ya kuzifikia rejista zake. Hujiandikisha kupokea ishara pindi kifaa kinapotaka kusikilizwa. Na mwishowe hukitangaza kifaa kwa programu za watumiaji. Je, hatua ya nne ikishindwa? Tatu za kwanza zimekwisha kufanyika, na kila moja imeshika kitu. Programu ya kawaida ikifa, kiini hukusanya ilichokiacha. Kiini chenyewe hakina wa kukikusanyia: kumbukumbu kilichoisahau hubaki imepotea mpaka mtambo uzimwe.

Yafaa ieleweke kwamba kurudisha peke yake hakutoshi; lazima kufuate utaratibu wa kinyume, kama fundi avunjavyo jukwaa la miti kuanzia juu. Kumbukumbu ikirudishwa kabla ya kufuta uandikishaji wa ishara, ishara yaweza kuja wakati huo huo, na kiendeshi kikasoma mahali ambapo si pake tena. Kosa hili ni baya kuliko upotevu, kwa maana mtu mwenye nia mbaya akiweza kupenyeza maneno yake mahali hapo, huenda akaupata mtambo mzima.

Waandishi wa Linux, ambao hutumia zaidi lugha ya C, wamezoea kuitatua shida hii kwa amri ya `goto`. Kila hatua ikishindwa, programu huruka hadi mahali palipowekwa alama mwishoni, na kutoka hapo hutengua hatua moja baada ya nyingine. Edsger Dijkstra aliishutumu amri hiyo mwaka 1968 katika barua mashuhuri, na walimu wengi wakaipokea barua hiyo kama sheria. Kwa kazi hii, hata hivyo, `goto` husomeka vizuri kuliko masharti yaliyorundikwa ndani ya masharti.

Hudhaniwa kwamba njia hii ya kushindwa hupitiwa kwa nadra, na kwa hiyo hujaribiwa kidogo. Katika mitambo midogo mambo ni tofauti. Skrini yaweza kutegemea kifaa kingine ambacho bado hakijaamshwa. Hapo kiendeshi hurudisha namba -517, maana yake "nijaribu tena baadaye". Hivyo kiendeshi kile kile chaweza kushindwa na kutengua kazi yake mara kadhaa kila mtambo unapowashwa.

Mwaka 2007 kiini kilipewa daftari la kila kifaa: kinachochukuliwa huandikwa humo, na kiendeshi kikishindwa au kikiondolewa, vyote hurudishwa kwa utaratibu wa kinyume bila mwandishi kuagiza. Makosa mengi yalikwisha. Lakini kwa michoro daftari hilo lilizaa kosa jipya. Tuseme mtu amechomoa skrini ya USB huku programu yake ingali inaitumia. Kifaa kimeondoka, daftari limerudisha kila kitu, kumbe programu ile bado imeshikilia habari za kifaa zilizokwisha kufutwa.

Ndiyo maana mwaka 2020 viendeshi vya michoro vilipata daftari la pili, ambalo hufungwa pale tu mtumiaji wa mwisho anapoachia. Mwandishi sasa hana budi kuamua, kwa kila kitu akichukuacho, kiandikwe wapi. Njia ya kufikia rejista hurudishwa mara kifaa kinapochomolewa. Habari zinazosomwa na programu hungoja. Na kabla ya kugusa rejista, kiendeshi huuliza kwanza kama kifaa kingalipo.