Nzi Wanapomtesa Punda Wako, Usikimbilie Dawa ya Josho

Leo tuongelee punda. Najua wapo watakaocheka, waseme afisa ugani ameishiwa mada. Lakini wewe unayesomba maji na magunia ya mahindi kule Mkata, Kwamsisi au Mnyuzi unajua vizuri: punda akilala siku mbili, biashara inalala naye.

Msimu wa joto uliopita kijana mmoja wa upande wa Handeni alinipigia simu. "Bwana mifugo, huyu punda wangu mdogo ana nini? Wenzake wametulia, yeye anapiga mateke, anajigaragaza, madumu yote chini!" Nilipofika kesho yake nikamkuta punda ana vidonda miguu ya mbele, macho yanatoka machozi na nzi wamejipanga pembeni. Wapo punda wa hivyo, ngozi yao ni nyepesi; kila anapong'atwa panavimba. Nikamuuliza kijana amempaka nini.

"Nimemuogesha ile dawa ya josho. Si ulituambia tuogeshe mifugo yote?"

Dawa yenyewe ilikuwa ya amitrazi. Punda alikuwa hajatoa mavi tangu usiku, tumbo limejaa, anageuka geuka kuangalia ubavu wake. Tukamwita daktari wa mifugo, akahangaika naye, lakini siku ya tatu akafa.

Neno "yote" nililisema mimi, mbele ya watu, kwenye mkutano. Ndo maana naandika haya.

Amitrazi si ya punda

Amitrazi inafanya kazi nzuri ya kuua kupe kwa ng'ombe. Kwa punda na farasi inaweza kusimamisha mwendo wa utumbo, mavi yakakwama ndani. Tena dawa hiyo ni ya kupe na utitiri, kwa nzi haikusaidii kitu. Unahatarisha punda na nzi wanabaki pale pale.

Mjue anayemsumbua

Nzi wa zizini anafanana na nzi wa nyumbani, ila ana mdomo mgumu uliochomoza mbele. Anauma zaidi miguuni na anazaliana kwenye mavi yaliyochanganyika na majani yanayooza. Pange ni yule nzi mkubwa mwenye kuuma kwa uchungu, anapenda jua kali. Mbung'o anakaa vichakani na ndiye anayeleta nagana. Nzi wa kawaida haumi, lakini anabeba viluwiluwi vya minyoo wanaoishi tumboni mwa punda na kuviacha kwenye kidonda au jicho. Kidonda cha namna hiyo utakipaka dawa wiki nzima na hakifungi.

Fanya hivi

1. *Ondoa mavi angalau mara mbili kwa wiki.* Wakati wa joto, yai la nzi wa kawaida linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ukizoa mapema unakata uzao. Rundika mbali na banda, funika, baadaye ni mbolea ya nyanya zako.

2. *Panga muda.* Mchana wa jua kali punda apumzike kwenye banda lenye kivuli kizito, pange hapendi kuingia gizani. Kama njia yako inapita vichakani, kumbuka mbung'o huchangamka asubuhi na jioni kabla jua halijazama; hapo kinga ya dawa ni ya lazima. Moshi wa mavi makavu nao unasaidia, ila usimfungie punda ndani ya moshi.

3. *Mfunike kwa kitambaa chepesi cha rangi nyeupe.* Bluu na nyeusi zinavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa rangi hizo. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichora mistari myeupe kwenye ng'ombe weusi, wakafanana na pundamilia. Nzi waliotua wakapungua karibu nusu. Ila usichukue chokaa ukampaka punda, itamuunguza ngozi.

4. *Dawa iwe ya nzi.* Tafuta yenye deltamethrini au sipamethrini, na lebo itaje punda au farasi. Kwa mwenye ngozi nyepesi, jaribu kwanza sehemu ndogo shingoni, subiri siku moja. Usipake kwenye kidonda wala karibu na macho. Na usioshee chombo mtoni, dawa hizi zinaua samaki.

5. *Zuia vidonda.* Weka gunia laini au godoro dogo chini ya mzigo. Kidonda kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Kisipofunga, mwone daktari wa mifugo, huenda ni wale minyoo na punda anahitaji dawa ya minyoo.

6. *Chunga nagana.* Punda akikonda huku anakula, homa inakuja na kuondoka, ufizi umepauka au tumbo limevimba kwa chini, apimwe damu. Usimdunge dozi ya ng'ombe kwa kukisia.

Msikate tamaa kwamba nzi hawashindiki. Mbung'o waliolelewa hapa hapa Tanga, madume yaliyofanywa tasa, ndio walioachiwa Unguja miaka ya 1990 hadi mbung'o wa kule wakaisha. Sisi hatuhitaji ndege, tunaanza na koleo na toroli.

Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Kwa mfanyabiashara wa leo hesabu hiyo haitoki: punda akifa, mzigo wa kesho utaubeba mwenyewe.

Yule kijana bado ana punda wawili, na banda lao sasa ni safi kuliko mabanda mengi niliyoyaona Korogwe. Na mimi nimebadilisha maneno yangu mikutanoni. Siku hizi nasema: josho la amitrazi ni la ng'ombe. Punda kaa pembeni, wewe una dawa yako.