Mficha uchi hazai: kipimo ambacho waume wa Mombasa hukikimbia

Katika lugha yetu neno "mgumba" halina jinsia. Linamfaa mume na linamfaa mke. Lakini pita Kibokoni, Kuze au Bondeni baada ya alasiri, pale watu wanapokaa barazani, na utege sikio. Neno hilo likitajwa, au nduguye "tasa", anayesemwa ni mwanamke. Mwanamume tumemwekea neno moja tu, hanithi, na hilo ni la kitandani, si la uzazi. Mume ambaye kitandani ni mzima kabisa, ila mbegu zake haziwezi kutunga mimba, hana jina katika mazungumzo ya mtaani. Na kwa kuwa hana jina, hatafutwi, na kwa kuwa hatafutwi, hapimwi.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huniuliza kuhusu "mke wangu ambaye hashiki mimba". Kabla sijajibu lolote, napenda tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya kila 6 hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani mwake, katika nchi tajiri na maskini vilevile. Kati ya wenzi wanaopatwa na tatizo hilo, karibu nusu mume ana mchango wake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Nusu! Hata hivyo, katika chumba changu cha kungojea, anayekaa kwenye benchi ni mke, mara nyingine na mamake au shangazi yake, na mkononi ameshika bahasha nene.

Bahasha hiyo naijua kabla sijaifungua. Ndani mna picha tatu nne za altrasaundi, vipimo vya homoni, eksirei ya mirija ya uzazi iliyopigwa kwa kuingizwa dawa, na mara nyingine ripoti ya upasuaji. Nikimuuliza bwana amepimwa nini, hunijibu kwa upole: "Yeye hana tatizo, daktari." Nikimuuliza nani amesema hivyo, hunitazama kama aliyeulizwa swali la ajabu. Amesema yeye mwenyewe.

Kila nyumba na lawama yake

Kisiwa chetu ni kidogo, lakini kina watu wa kila namna: Waswahili wa Thenashara Taifa, Wabajuni, Waarabu wa Hadhramaut, Wabaluchi, Mabohora, Wagoa, Wamijikenda, na ndugu zetu wa bara waliokuja bandarini na wakazaliana hapa. Mimi nimewatibu wote hao. Mila zao hazifanani, vyakula vyao havifanani, na sala zao hazifanani. Katika jambo hili moja, hata hivyo, wamekubaliana bila ya kufanya mkutano.

Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, mke asiyeshika mimba ana jini, au ametupiwa kijicho na hasidi. Nyumba ya pili, ya Wahindi, ambako bibi harusi huishi na wakwe chini ya paa moja, mavyaa huanza kuhesabu miezi tangu usiku wa harusi. Nyumba ya tatu, ya watu wa bara, ni mahari yanayoanza kuhesabiwa upya. Maelezo ni matatu na mshtakiwa ni yule yule.

Nisieleweke vibaya, sisemi mila zote ni adui. Wakamba na Wanandi, kwa mfano, walikuwa na njia yao: mwanamke asiye na mtoto aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto wa yule aliyeolewa wakawa wake kwa jina na kwa urithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Wapo waliocheka waliposikia habari hizo. Mimi naona wazee wale walikuwa wameelewa jambo ambalo sisi wenye vyeti tunalisahau, kwamba mwanamke asiyezaa bado ni mtu mwenye haki zake na nyumba yake. Waswahili nao wana desturi ya kumlea mtoto wa ndugu, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejaa watoto waliolelewa na shangazi au mama mdogo bila ya mtu yeyote kuona ajabu.

Vilevile tuache kudhani kwamba mwanamke wa Pwani ni kiumbe wa kunyamaza tu. Mtaalamu wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1998. Aliyoyaona ni kwamba wanawake ndio waliokuwa wakipeleka kesi kwa wingi, na mara nyingi walishinda. Mwanamke huyo huyo anayeweza kusimama mbele ya Kadhi kudai nafaka yake, akifika kwangu hushindwa kumwambia mumewe maneno mawili: "Nenda kapimwe." Nimemuuliza mmoja kwa nini. Aliniambia kwamba kudai chakula si kumvunjia mume heshima yake, lakini hilo ni kumvunjia.

Miaka mitano iliyokuwa miezi mitano

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi watu wa bandari. Waume wengi wa hapa hufanya kazi Jeddah, Dubai, Doha au melini. Mume huja nyumbani likizo ya mwezi mmoja, kisha huondoka. Baada ya miaka mitano mavyaa huuliza: "Miaka mitano yote na hamna kitu?"

Tufanye hesabu. Yai la mwanamke huishi muda usiozidi siku moja. Mbegu za mume huweza kuishi ndani ya mwili wa mke siku tano hivi. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku sita tu, nazo huishia siku yai linapotoka, ambazo mimba inaweza kutungwa. Mume anayekuja siku 30 kwa mwaka humpata mkewe katika kipindi kimoja tu cha rutuba. Siku hizo chache zikipita bila wao kukutana, amekosa chote. Miaka mitano ya ndoa hiyo ni miezi mitano. Sisi madaktari hatuanzi kutafuta kasoro mpaka wenzi wawe wamekaa pamoja miezi 12 bila kinga na bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amepita umri wa miaka 35. Mke wa baharia aitwaye tasa baada ya "miaka mitano" huenda hata nusu ya mwaka huo wa majaribio hajaufikisha.

Dawa ya mke huyo si hirizi wala upasuaji, ni kalenda. Likizo ya mume ipangwe kwa siku za mke, si kwa nafuu ya tiketi peke yake.

Supu ya pweza haihesabu mbegu

Sasa nirudi kwa bwana. Anapobanwa sana hujitetea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye "ana nguvu". Jioni hupita kwa muuza supu ya pweza, mara nyingine hununua na mkuyati, na kitandani hana malalamiko. Supu ya pweza ni chakula kizuri, nami huinywa. Lakini nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili mbalimbali. Manii tunayoyaona kwa macho ni maji yatokayo zaidi katika tezi, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno isiyoonekana ila kwa hadubini. Mtu anaweza kuwa na nguvu za fahali na manii ya kutosha, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Yeye mwenyewe hawezi kujua, na mkewe hawezi kujua.

Utetezi wa pili ni kwamba ana mtoto wa ndoa ya kwanza. Huyo namuuliza mtoto ana umri gani. Akisema miaka 11, namweleza kwamba miaka 11 ni mingi. Kisonono au klamidia iliyopita katikati huweza kuziba njia za mbegu. Mishipa ya damu ya korodani huweza kuvimba polepole na kuharibu mbegu bila maumivu makubwa. Sigara hupunguza mbegu, na pombe nyingi pia. Matubwitubwi yakimpata mwanamume baada ya balehe huweza kushuka mpaka kwenye korodani. Siku hizi nawaona vijana wa kunyanyua vyuma wanaojidunga homoni za kiume ili wawe na vifua vipana. Homoni hiyo ya sindano huuambia ubongo kwamba mwili umeshiba, na kiwanda cha mbegu hufungwa. Kifua chapanuka, korodani zasinyaa. Wengi hupona wakiacha, lakini huchukua miezi, na wengine zaidi ya mwaka.

Busha, ambalo Pwani tunalijua tangu kale, huwatia watu hofu kubwa kuliko haki yake. Si kila mwenye busha hazai. Lakini ni ugonjwa wenye tiba ya upasuaji, na kulificha ndani ya kikoi miaka 20 hakuna faida.

Kuhusu mirija ya mke iliyoziba, ambayo katika Afrika ni sababu kubwa ya kukosa uzazi, nalazimika kusema lisilopendeza. Mara nyingi mirija hiyo iliziba kwa maambukizo ya zinaa yasiyotibiwa, na katika nyumba nyingi ninazozijua, maambukizo hayo mke hakuyatoa sokoni Marikiti. Yaliletwa nyumbani. Mume alitibiwa kimyakimya kwa sindano ya duka la dawa, mke hakuambiwa. Miaka mitatu baadaye anaitwa tasa.

Mgonjwa wangu mmoja, ambaye sitamtaja mtaa, alikaa katika ndoa miaka saba. Alipasuliwa mara moja, alikunywa makombe, alipelekwa kwa waganga wawili, na hatimaye akaachwa. Mumewe alioa mke wa pili, kisha wa tatu. Mwanamke huyo alipomaliza eda yake na kukaa, aliolewa na mjane mwenye duka, na mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike. Siku aliponiletea mtoto wa miezi minne apimwe kikohozi, hakuongea chochote juu ya mume wa zamani. Yule bwana nilikutana naye baadaye kwa shinikizo la damu. Wake watatu, mtoto hana. Nilimtajia kipimo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama jibu lingeandikwa kwenye karatasi ambayo mtu mwingine angeweza kuisoma.

Swali hilo lilinifunza mengi juu ya hofu ya wanaume wetu. Tumewafundisha tangu utotoni kwamba uanaume ni kuzaa, kisha twashangaa hawaji kupimwa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale ambamo kila mtu anajua nani ameingia kwa daktari gani, hofu hiyo si ya upuuzi. Nami namjibu kila anayeuliza: jibu ni siri yako na daktari wako, na mtu mwingine haambiwi bila ruhusa yako.

Kipimo chenyewe

Uchunguzi wa manii hauna sindano wala kisu, na gharama yake ni ndogo sana ukiulinganisha na upasuaji wa mke. Ndiyo maana ungepasa kutangulia, si kufuata. Mume hujizuia kwa siku 2 hadi 7, kisha hutoa manii katika chupa safi ya maabara. Asitumie kondomu ya kawaida kukusanyia, kwani nyingi zina dawa au mafuta yanayodhuru mbegu. Maabara huhesabu mbegu, hutazama zinavyokwenda na umbo lake. Kipimo cha chini kinachokubalika, kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa, bali uwezekano wake umepungua. Jibu likiwa baya kipimo hurudiwa, kwa sababu homa kali tu huweza kuharibu hesabu, na mbegu mpya huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa.

Hata kwa wenye mbegu chache sana njia zimepatikana. Tangu mwaka 1992 wataalamu wameweza kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja maabarani, na watoto wa kwanza wa maabara nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Ni ghali, sitawadanganya. Lakini wengi hawafiki huko: maambukizo hutibiwa, mishipa hufungwa, sindano za misuli huachwa.

Chupa lazima ifike maabarani ndani ya saa moja, na ikae na joto la mwili, mfukoni au kwapani, si kwenye barafu. Kwa hivyo mabwana wa Likoni wasitegemee feri ya asubuhi. Wavuke kwanza, na waombe chumba hapo hapo hospitalini.