Gemu za mdundo na masikio ya mtoto wako

Mama, na wewe mlezi mwenzake, siku hizi hata huku Namswea mtoto anaweza kupata gemu ya mkononi iliyoletwa na mjomba kutoka Songea au Dar es Salaam. Wengine wanacheza kwenye simu ya nyumbani. Baadhi ya gemu hizo ni za mdundo: muziki unapigwa, na mtoto anabonyeza vitufe kwa kufuata mapigo.

Mfano ni Patapon, iliyotoka Japani mwaka 2007 kwa ajili ya kifaa cha PSP. Vitufe vinne ni ngoma nne. Ukipiga mapigo sawasawa, askari wadogo wanasonga mbele. Ukikosea, wanasimama.

Je, gemu hii ni mbaya?

Hapana. Kufuata mdundo si jambo geni kwa watoto wetu, wanaokua wakisikia ngoma za mganda na kioda. Cha kuangalia ni sauti: ni kubwa kiasi gani, na inaingia masikioni kwa muda gani.

Gemu ya magari mtoto anaweza kuicheza bila sauti. Ya mdundo ni vigumu, kwa sababu lazima asikie mapigo. Kukiwa na kelele za wenzake au mashine ya kusaga, anavaa eafoni na kuongeza sauti. Akishindwa, anarudia wimbo uleule.

Sauti kubwa inaumiza vipi?

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinywele vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Ni kama nyasi: zikikanyagwa mara moja zinainuka, zikikanyagwa kila siku panabaki njia tupu. Tofauti ni kwamba nyasi huota tena. Chembe hizi zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 75. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu: desibeli 78 ni saa 20, desibeli 81 ni saa 10. Ikifika 90, inabaki saa moja na robo tu kwa wiki nzima. Eafoni zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kupita hata 100.

Utapimaje bila kifaa?

Akiwa amevaa eafoni, simama umbali wa mkono mmoja umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, sauti imezidi. Ukisikia muziki wa gemu kutoka hapo uliposimama, pia imezidi.

Fanya haya nyumbani:

- Sauti isizidi kidogo juu ya nusu.
- Acheze mahali patulivu bila eafoni, kwa spika ya kifaa chenyewe.
- Kila baada ya muda mfupi apumzishe masikio, atoke akacheze nje.
- Asilale na eafoni masikioni.
- Sikio likiuma au likitoa usaha, asivae eafoni kabisa, na asiazimane na wenzake.

Dalili za kuangalia

Mtoto anasema masikio yanalia "ngiii" baada ya kucheza. Anauliza "unasemaje?" mara kwa mara. Anaongeza sauti ya redio wakati wengine wanaisikia vizuri. Anaongea kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mwalimu anasema hafuati darasani.

Ukiona dalili hata moja, mpeleke zahanati au kituo cha afya. Wakati mwingine ni nta tu au uchafu, na vinaondolewa. Usichokonoe kwa kijiti wala usimwagie mafuta. Mhudumu ataangalia sikio, na ikihitajika atakuandikia rufaa ya hospitali apimwe usikivu.

La mwisho, mama. Mtoto anayeitwa asiitike mara nyingi huambiwa ni mkaidi, na wengine huchapwa. Kabla ya kumwadhibu, simama nyuma yake akiwa hana eafoni, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, huenda hakudharau. Huenda hakusikia.