Mbuni wa Pwani Usio na Kafeini

Keti kwenye baraza yoyote Moa, pwani ya Mkinga, baada ya magharibi, dele liko juu ya mkaa, muuzaji anagonganisha vikombe, kisha uliza kahawa inatoka wapi. Utajibiwa bara: Lushoto, Moshi, Bukoba. Kwa ile iliyomo kikombeni ni kweli. Kinachoniudhi ni pale jibu hilo linapogeuzwa kuwa dai kwamba pwani haina mbuni wake. Tangu Kwale, upande wa Kenya, kushuka mwambao wa Tanzania, vichakani mna mibuni ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mmojawapo, Coffea pseudozanguebariae, ulioelezwa kitaalamu mwaka 1982 na Diane Bridson wa bustani ya Kew, Uingereza, una jambo la ajabu: mbegu zake hazina kafeini.

Hapa sisemi kahawa ya dukani iliyoandikwa “haina kafeini”. Ile ilikuwa nayo, ikaondolewa kiwandani. Mbuni huu hauitengenezi.

Arabika huitengeneza kwenye majani machanga na ndani ya mbegu. Huanza na dutu iitwayo zanthosini, kisha vimeng’enya huibandika vikundi vya methili, kimoja baada ya kingine. Vikifika viwili, mmea umepata theobromini, ile iliyomo kwenye kakao. Kikiongezwa cha tatu, ni kafeini. Kazi yote hiyo ni ya nini? Kwa wadudu wengi wanaotafuna majani, kafeini ni sumu. Lakini kwenye nekta ya ua huwamo kidogo tu, na hapo inafanya kazi nyingine kabisa: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa nyuki waliolishwa maji ya sukari yenye kafeini kidogo walikumbuka vizuri zaidi harufu waliyofundishwa, hata kesho yake, kuliko wenzao waliopewa sukari tupu. Mla jani anapewa sumu, mchavushaji anapewa hongo.

Mbuni wetu wa pwani unaishi bila silaha hiyo wala hongo hiyo, na bado unazaa. Tena unazaa kwa haraka. Arabika hukaa miezi saba hadi tisa kutoka ua hadi tunda bivu. Huu humaliza kazi kwa miezi miwili na kitu, na tunda lake likiiva huwa la zambarau iliyokolea, karibu na weusi.

Usikimbilie kuchuma mbegu zake ukazikaange. Watafiti wa Kifaransa waliuchanganya mbuni huu na mbuni wa jamii ya liberika ili kuona ukosefu wa kafeini unavyorithiwa, wakatoa matokeo yao mwaka 1998. Kikwazo ni kwamba mbegu za mbuni huu wa pwani zina dutu nyingine, chungu vibaya sana, inayofanya kahawa yake isinyweke. Ila anayetaka siku moja kupata kahawa tamu isiyo na kafeini tangu shambani hana budi kuipitia mimea ya namna hii.

Sasa tazama tunavyoitunza. Usambara Mashariki, Wajerumani walifyeka msitu wa Derema kuanzia miaka ya 1890 wapande arabika, udongo ukawashinda. Msitu wa milima hiyohiyo una mbuni wake wa mwituni, Coffea mongensis, uliopewa jina la Monga, jirani na Amani. Huku chini pwani kazi ya panga inaendelezwa na mkaa na mashamba mapya. Mwaka 2019 wataalamu walihesabu aina 124 za mibuni duniani, wakakuta 75 zimo hatarini kutoweka. Mibuni ya mwambao wetu iliyokusanywa miaka ya 1970 na 1980 ilikwenda kupandwa Ivory Coast, na aina yetu isiyo na kafeini leo inatunzwa pia kisiwani Réunion. Walioitunza nawashukuru. Lakini ni aibu mwanafunzi wa Mkinga kuhitaji ndege ili aonyeshwe mmea wa kichaka cha kwao.

Matumizi ya mibuni mingine mnayajua: kahawa tungu ya tangawizi na kashata, barazani, maulidini na kwenye hitima; Bukoba, buni za robusta zilizochemshwa na majani ya viungo, zikakaushwa, hutafunwa na mgeni hukaribishwa kwazo, na zamani waliochanjiana udugu waligawana mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake; Yemen huchemsha maganda; Ethiopia majani; na shina lililozeeka ni kuni.

Nawe unayesafisha kichaka, angalia kwanza. Majani ya mbuni hukaa mawilimawili yakielekeana, na kati ya vikonyo vyake mna kijijani cha pembetatu. Familia yake ni kubwa, hivyo alama hiyo peke yake haitoshi. Pasua tunda: ukikuta mbegu mbili zilizolaliana kwa upande bapa, kila moja ina mfereji katikati, weka panga chini na umwite bwana misitu.