Avoka wa kweli na «avoka» wa ku mulango: nani atakutetea ukikamatwa juu ya ajali?

Mambo inaanzaka hivi. Siku ya posho usiku, shofere anatoka ku nganda. Amekunywa chupa tatu za Simba, anasema hajalewa, na pengine anaamini mwenyewe. Ku barabara ya Kasumbalesa anagonga mutu wa kinga. Polisi wa rulaji wanafika, wanachukua permi na gari, na yeye wanamupeleka ku komisaria. Mbele jua litoke, telefone inalia kwa bibi yake. Bibi anafika pale na pagne ya usiku, anakuta ku mulango mwanaume wa koti na sakoshi. «Mama, usilie. Ule OPJ ni ndugu yangu. Leta franga, leo mangaribi bwana yako anatoka.»

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya ule mama. Shofere mwenyewe, pale ndani, hana uwezo wa kuchagua kitu. Ni familia ndiyo inamuchagulia. Na inachagua katika saa mbaya kuliko zote, bila kulala, bila kujua nani ni nani.

Tuseme kwanza sheria inasema nini, maana mutu wa sakoshi anaishi juu ya kutojua kwetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema kwamba mutu aliyekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana palepale na familia yake na mtetezi wake. Ku polisi hawezi kuwekwa zaidi ya saa 48. Zikiisha, ama anaachiliwa, ama anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba kila mutu ana haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemuchagua mwenyewe, katika kila hatua ya kesi, hata kule ku polisi wakati wa kuulizwa maswali.

Hata kule ku polisi. Tunarudilia neno hili kwa sababu watu wengi wanafikiri avoka ni mutu wa tribinali, anakuja siku ya kusamba akiwa na robe nyeusi. Wanangoja. Wakati wanangoja, OPJ anaandika PV. Shofere anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili, na karatasi inaandikwa kwa Kifaransa. Anasema: «Nilikunywa kidogo, lakini ule wa kinga hakukuwa na taa, alinikatia njia.» Ku karatasi inaweza kubakia paka nusu ya kwanza. Anawekewa bik mu mkono, anasinye. Toka siku ile, kila mutu atakayefungua dosye, magistrat wa parke, juji, avoka wa familia ya marehemu, ataanza na ile karatasi. Avoka anayekuja kisha wiki mbili anakuta nyumba imejengwa, na yeye anaombwa kubomoa ukuta na mikono.

Kwa hiyo avoka wa kwanza mzuri ni yule anayeweza kufika leo. Kama jina lake ni kubwa lakini atarudi toka Kinshasa siku ya ine, hakusaidii. Mwambieni ndugu yenu, kama munaweza kumufikia, maneno mawili tu: aombe PV isomwe na ielezwe kwa Kiswahili mbele ya kusinye, na kama kuna neno lisilo lake, aombe lirekebishwe. Jambo hili linawahusu pia mashofere wa maroli wanaotoka Tanzania na Zambia kupitia Kasumbalesa. Wengi wao hawajui Kifaransa hata kidogo, na wanasinye kurasa tatu ambazo hawangeweza kusoma hata kichwa chake.

Sasa, nani ni avoka? Neno lenyewe tunalitumia ovyo. Kwetu kila mutu wa koti anayepita ku parke anaitwa «Metre». Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya kazi hii inatofautisha. Kuna avoka walioandikwa ku tableau ya barreau, na kila barreau iko karibu na Cour d'appel. Hapa kwetu ni barreau ya Haut-Katanga. Kuna vijana wa stage, ambao ni avoka pia lakini wanafanya kazi chini ya patron. Na kuna watetezi wengine, wale wanaoandika ku mulango wa biro «Défenseur judiciaire»: hawa wanaweza kusamba ku tribinali de paix na ku tribinali de grande instance, lakini hawapandi ku Cour d'appel. Wote hao ni watu wa sheria, na usimudharau defenseur mzuri, maana kwa kesi ya ajali anaweza kuijua tribinali de paix kuliko mkubwa wa mikataba ya mines. Lakini ujue mbele: kesi ikienda appel, utatafuta mwingine na utalipa tena.

Mutu wa sakoshi hayumo katika hesabu hii. Namna ya kumujua ni rahisi. Muulize jina kamili, barreau yake, na namba yake ya ONA, ile ya Ordre national des avocats. Avoka wa kweli hakasiriki; ile namba mara nyingi iko tayari ku kashe yake na ku karatasi zake. Muulize biro yake iko wapi, na umwambie utapita kule kumulipa. Yule anayetaka kupokea franga paka chini ya muti, mbele ya komisaria, bila karatasi, amekwisha kujibu.

Halafu kuna wale ambao ni avoka kweli, wameandikwa ku tableau, na bado wanasema maneno yaleyale: «Juji tulisoma naye.» «Mambo yenu nimemaliza, kubakia tu kitu kidogo cha Muheshimiwa.» Hapa tuseme wazi. Kumupa magistrat au OPJ franga ya siri ni infraction, na sheria ya Machi 2005 iliyogusa Code pénal juu ya korupsio inamushika anayetoa na anayepokea. Familia inayouza moto ya mtoto ili «kununua» dosye inaweza kujikuta na dosye ya pili. Na mara ngapi ile franga haikufika hata ku eskalie ya biro ya juji? Avoka anayekuahidi matokeo anakuuzia kitu ambacho si chake. Mwenye kazi anakuahidi kile atakachofanya: kesho saa tatu nitakuwa ku parke, nitaomba kuona dosye, nitaandika barua ya kuomba liberté provisoire.

Tuchukue muda hapa, kwa sababu mambo haya ndiyo yanaonyesha kama mutu anajua kazi ya penal. Kama parke inataka kumubakisha shofere ndani, magistrat anaandika mandat d'arrêt provisoire. Kama juji yuko mu mji huohuo, shofere lazima afikishwe mbele yake katika siku tano. Juji anamusikiliza mu chambre du conseil, bila watu wa inje. Akikubali abakie, ni kwa siku 15. Kisha hapo ruhusa inarudiliwa mwezi kwa mwezi, na kuna wanaohesabu miezi hiyo kule Kasapa kwa sababu hakuna mutu aliyekuja siku ya tano. Kupinga uamuzi wa juji kuna saa 24 tu. Muulize avoka: «Metre, siku ya tano itakuwa lini?» Kama hana jibu palepale, au anasema tutaona, tafuta mwingine.

Mwenye kujua atakutuma wewe pia kazi. Atakuomba karte d'électeur ya shofere, attestation ya chef de quartier inayoonyesha kama anakaa pale na bibi na watoto, karatasi ya kazi, permi, asiransi ya gari. Kwa nini? Juu juji anataka kujua kama mutu huyu atakimbia. Katiba, katika kifungu cha 17, inasema uhuru ni kanuni, na kufungwa ndiyo ubaguzi. Lakini mbele ya juji kanuni hiyo inahitaji karatasi. Kama liberté provisoire inakubaliwa kwa kulipa caution, ile caution inalipwa kwa karatasi ya Serikali na risiti, haipiti mu mfuko wa mutu yeyote. Shikeni risiti vizuri.

Kuhusu ulevi wenyewe, avoka wa ajali ana maswali yake. Nani alithibitisha kama shofere amelewa, na namna gani? Kuna kipimo, kuna karatasi ya munganga, ama ni paka «alikuwa ananuka pombe»? Je, krokia ya mahali pa ajali imechorwa, na gari ilisimama wapi? Breki zilipimwa? Kuna mashahidi, na wanakaa wapi? Hatusemi hivi ili walevi waponyoke. Mutu wa kinga naye alikuwa na bibi na watoto. Lakini kulewa ni jambo moja, na kusababisha kifo ni jambo lingine, na juji ana lazima ya kuyaunganisha na ushahidi. Code pénal, katika kifungu cha 53, inaweka miezi mitatu mpaka miaka miwili kwa mwenye kuua bila kukusudia. Mwenye kuumiza, kifungu cha 54, siku nane mpaka mwaka mmoja. Kati ya miezi mitatu na miaka miwili kuna nafasi kubwa, na ni mu nafasi ile avoka anafanya kazi yake.

Kitu kimoja hakisemwi sana: avoka wa nani? Tuseme gari si ya shofere, ni ya patron. Patron anafika ku komisaria na avoka wake, analipa kila kitu, familia inashukuru Mungu. Lakini Code civil inamufanya mwenye kutuma mutu kazi ajibu mbele ya wale walioumizwa na kazi ile. Patron atapenda isikike kama shofere alikunywa na alitoka na gari bila ruhusa. Shofere angetaka isikike kama alisema mara mbili breki zimekufa na patron akamujibu: «Endesha tu.» Avoka mmoja hawezi kusema maneno haya mawili. Vilevile avoka wa asiransi, awe wa SONAS ama wa kampuni nyingine, yuko pale kwa ajili ya asiransi. Hata kama patron ni mutu mwema na analipa, ulizeni waziwazi: «Metre, siku patron na mtoto wetu wakipingana, utabakia na nani?»

Na kuna kilio. Kwetu, familia ya shofere inaenda ku kilio, inapeleka sanduku, mchele, franga ya makaburi. Ni desturi nzuri, na avoka anayewakataza kabisa hajui anakaa mu inchi gani. Lakini mwenye akili atawaandikia karatasi fupi, isinywe na pande mbili mbele ya mashahidi, inayosema kama huu ni musaada wa ubinadamu na si kukubali kosa. Tena atawaambia ukweli ambao hawataki kusikia: hata familia ya marehemu ikisamehe na kuondoa mashitaka, kesi ya kifo haifi. Ni ya parke. Musamaha utasaidia siku juji anapima malipo, na unaweza kupunguza dommages-intérêts, lakini haufungui mulango wa Kasapa.

Franga sasa. Bei ya avoka haiko sawasawa, na hatutaandika hapa chiffre itakayomudanganya mutu. Ombeni paka hizi: karatasi ya makubaliano, hata ukurasa mmoja, ionyeshe honoraires ni ngapi, kwa hatua gani (parke peke yake, ama parke na tribinali, ama mpaka appel), na frais za transport na kopi ziandikwe mbali. Kila malipo, risiti. Muulize kama ni yeye mwenyewe atakayesamba ama kijana wa stage. Jibu lolote linaweza kuwa zuri, lakini ujue. Mkigombana juu ya bei, kuna bâtonnier, na barua kwake si uchawi.

Asiye na kitu asiseme «basi». Kila barreau ina bureau de consultations gratuites, na avoka anayetumwa na barreau, wa pro deo, ni avoka kamili. Ni kweli mara nyingi anakuwa kijana, ana dosye nyingi na viatu vimechoka. Mpeni telefone ya mashahidi, mpeni zile karatasi za chef de quartier, mmukumbushe siku ya tano. Tumeona mara nyingi kijana wa namna hiyo, mwenye dosye iliyopangwa na familia, akisimama mbele ya juji vizuri kuliko mkubwa aliyeingia dakika kumi mbele na anatafuta jina la mteja wake ku farde.

Kisha hukumu, hesabuni tena siku: appel ni siku 10. Kama shofere alihukumiwa bila kuwa pale, opposition nayo ni siku 10 toka apewe habari ile. Avoka aliyefanya kazi vizuri anakupigia telefone kabla ya siku hizo kuisha, hata kama bado unamudai, hata kama bado anakudai.