Jumuiya ya madaktari wa moyo inamfaa nini mgonjwa wa Ituri?



Kila mara tukizungumza juu ya mashirika ya wataalamu, hakosi mtu wa kuuliza: "Wale wanganga wa moyo wanakutana kule Kinshasa, wanakula, wanapiga picha. Sisi wa Bunia tunapata nini?" Swali ni la haki. Nimesomea afya ya jamii, basi nijaribu kulijibu. Lakini kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya, hata wale wa medisini.

Ordre des Médecins iliundwa kwa sheria mwaka wa 1968. Ndiyo inaandikisha madaktari, na daktari akivunja maadili ya kazi, ndiyo inamwadhibu. Sendika, kama SYNAMED, inapigania mishahara na inaitisha mgomo. Jumuiya ya kisayansi, ile wanaita société savante, haina hata moja ya nguvu hizo. Haiwezi kumfunga mtu kazi, haiwezi kumwongezea mtu franka moja. Mwanachama analipa mchango, anahudhuria kongamano, anasoma jarida, basi. Kitu inachoshika ni neno: kusema ugonjwa huu unatambuliwa hivi na unatibiwa hivi, kiisha madaktari wakaliamini neno hilo na kulifuata.

Inaonekana kidogo. Lakini chukua homa ya rumatiki uone.

Mtoto anaumwa koo juu ya kijidudu kinachoitwa streptokoki. Koo linapona, mama anasahau. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba, homa inarudi. Kwa watoto wengine kinga ya mwili inageuka kushambulia vali, yaani vile vilango vinavyoongoza damu ndani ya moyo. Ikijirudia mara nyingi, vali zinaharibika moja kwa moja. Ndiyo maana unaweza kukuta msichana wa miaka 20 amebeba mimba na hawezi kupanda kilima bila kukaa chini mara tatu. Ni ugonjwa wa umaskini na msongamano wa watu. Anayejua site za waliokimbia vita hapa Bunia, Kigonze kwa mfano, anaelewa juu ya nini nimeuchagua. Na kwetu si ugonjwa wa vitabuni tu: mwaka wa 1998 Profesa Longo-Mbenza na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa Kinshasa, na walikuta watoto kama 14 kwa kila 1000 wana moyo ulioguswa.

Sasa, homa hiyo haina kipimo kimoja cha kuikamata. Daktari anajumlisha alama. Alama hizo zilipangwa mwaka wa 1944 na T. Duckett Jones, daktari wa Boston, na tangu hapo shirika la moyo la Marekani, American Heart Association, ndilo linazirekebisha. Kwa miaka mingi zilisomwa vilevile kwa mtoto wa Boston na kwa mtoto wa Djugu. Ni mwaka wa 2015 ndipo shirika hilo liliandika wazi kwamba pale ugonjwa ni nadra, kiungo kimoja kilichovimba hakitoshi kuhesabiwa alama kubwa, lakini pale ugonjwa umejaa, kinatosha. Hata homa waliigawa: kule inahesabiwa kuanzia 38.5, huku kuanzia 38. Nusu digrii tu! Lakini kwa nusu digrii hiyo mtoto mmoja anaandikiwa matibabu na mwingine anarudishwa nyumbani na parasetamoli.

Nani atapeleka habari hiyo kwa IT wa sentre ya afya kule Tchomia? Yeye hasomi majarida ya Marekani, na hakuna anayemlipia intaneti. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya ya taifa: kusoma maneno ya wakubwa wa dunia, kuyapima na hali ya nchi, kukubaliana na wizara, na kutoa karatasi ambayo muuguzi anaweza kuifuata. Kenya wamefanya hivyo. Mwongozo wa taifa wa magonjwa ya moyo na mishipa uliotoka mwaka wa 2018, wizara yao iliuandaa pamoja na Kenya Cardiac Society.

Matibabu ya kuzuia ugonjwa usirudi ni dawa ya zamani kabisa, benzathini penisilini, sindano moja kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Na jirani zetu wa Uganda wametuonyesha inavyofaa. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, na kuchapishwa mwaka wa 2021, waliwafuata kwa miaka miwili watoto zaidi ya 800 ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga, usioonekana bila mashine ya ekografi. Kati ya waliochomwa sindano, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 tu. Kati ya wasiochomwa, ulisonga kwa watoto 33.

Lakini wauguzi wengi wanaiogopa sindano hiyo. Wamesikia kwamba mtu fulani alichomwa, akaanguka, akafa, na wanasema ni aleji. Mwaka wa 2022 American Heart Association ilitoa onyo lililobadilisha mazungumzo: baadhi ya vifo hivyo vinaonekana kutoka kwa moyo wenyewe uliokuwa umechoka sana, si kwa aleji. Mgonjwa ambaye vali zake zimeharibika vibaya ni afadhali apewe vidonge. Wengine waendelee na sindano. Onyo kama hilo, likibaki Kinshasa kwenye kompyuta za maprofesa, huku kwetu litakuwa na hasara mbili: mgonjwa dhaifu atachomwa, na mtoto mwenye nguvu atanyimwa.

Hapa ndipo mimi naona shida, na nasema yangu. Mashirika haya kila mahali yanaishi kwa michango na kwa wadhamini, na mdhamini mkubwa mara nyingi ni kampuni ya dawa. Kampuni italipa sale ya kongamano juu ya kidonge kipya cha tansio. Kwa penisilini ya bei ya chini, nani atalipa? Kwa hiyo ugonjwa wa maskini unapewa dakika kumi mwishoni, saa watu wanatafuta teksi. Jumuiya ya Afrika nzima, PASCAR, iliyoanzishwa mwaka wa 1981, imejitahidi kuurudisha mbele, na mwaka wa 2018 hata mkutano mkuu wa afya wa dunia kule Geneva ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu. Azimio, lakini, halichomi sindano.

Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1,700 kwa ndege. Kampala, kwenye Uganda Heart Institute wanakopasua moyo, kwa mstari ulionyooka haifiki 300, lakini kuna mpaka na kuna dola. Wengi hawatafika popote. Kwa hao, mtaalamu wa moyo atakuwa karatasi tu, na muuguzi anayeishika.

Basi nikiulizwa jumuiya ya taifa ianze na nini kwa Ituri, nitasema daftari. Mtoto anachomwa sindano ya tano Drodro, vita inakuja, familia inakimbilia Bunia, na kule hakuna anayejua kama alikuwa na matibabu. Kadi moja ya nchi nzima, yenye tarehe za sindano na hali ya vali, pamoja na orodha moja ya wagonjwa, ni kazi ambayo wizara peke yake haijui kuipanga na daktari mmoja hawezi kuianzisha. Wa informatiki mnaosoma hapa, orodha hiyo ni kazi yenu pia. Wa medisini walio staji, mwezi huu hesabuni kwenye rejista ya lopitali yenu ni wagonjwa wangapi wa vali, na ni wangapi kati yao wameandikiwa tarehe ya sindano inayofuata.