Kinamasi cha Mara: Nani Anaishi Penye Oksijeni Haba?

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema oksijeni ilikuwa imepungua mno majini, ikataja kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Ripoti hiyo ilizua mjadala mkali. Anayetaka kuupima mjadala huo inampasa kwanza ajue kinamasi kinavyopumua.

Mto Mara huanzia misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya kilomita 395 hivi huingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ukishatoka hifadhini hutenganisha wilaya za Tarime na Serengeti. Kadiri ardhi inavyozidi kuwa tambarare, maji hupoteza kasi, tope hutuama, na mto hutawanyika ndani ya mafunjo mpaka karibu na daraja liitwalo Kirumi.

Mafunjo ndiyo mwenye nyumba. Shina lake la pembetatu hupita mita nne kwa urefu, na ndani limejaa vijitundu vinavyopeleka hewa chini hadi kwenye mizizi iliyozama matopeni. Mashina mengine hutambaa na kusukana kama mkeka mnene unaoweza kuelea. Chini ya mkeka huo jua halifiki na upepo hauyachanganyi maji. Majani makavu huanguka na kuoza, na bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni.

Ndiyo maana wakazi wa humo ni wateule. Kamongo ana mapafu, na asipopanda juu kuvuta hewa hufa. Kambare ana matamvua, lakini nyuma yake kuna kiungo chenye matawi kinachochukua oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Mamba na kiboko hawana shida hiyo, kwani wote huvuta hewa ya juu.

Sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, hastahimili maji ya namna hiyo. Basi samaki wadogo wa asili wanaoweza kujibana kwenye oksijeni kidogo hupata maficho ndani ya mafunjo, mahali ambapo mwindaji wao hathubutu kuingia. Ndege nao wana sehemu yao: shirika la BirdLife International limeiorodhesha Ghuba ya Mara na kinamasi cha Masirori, kilicho kwenye mto huu, miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege.

Hatari huja mafuriko yanapoyasukuma maji yale meusi yatoke mafunjoni yaingie mkondo mkuu. Samaki waliozoea maji yenye oksijeni hukosa pa kukimbilia. Jambo hili linajulikana hata juu zaidi mtoni: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mvua ikisomba kinyesi kilichorundikana kwenye madimbwi ya viboko wa Mara, oksijeni hushuka ghafla na samaki hufa, pasipo mkono wa mtu.

Lakini mkono wa mtu unaweza kuongeza uzito. Mifugo mingi ikinywea mahali pamoja, bustani zikilimwa ukingoni na mafunjo yakichomwa, mbolea na udongo unaoingia majini huongezeka huku kichujio kikipungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na ukanda huo ndio unaostahili kulindwa kwanza.

Samaki wakifa tena, swali la kwanza liwe: wamekufa wa aina gani? Wakifa wale wa maji ya wazi huku kamongo na kambare wakibaki hai, kukosa hewa ni jibu linaloaminika. Kamongo na kambare wakifa kwa wingi pia, maji na minofu vipimwe sumu bila kuchelewa. Na oksijeni ipimwe alfajiri, wakati huwa chini kabisa, kwa sababu kipimo cha mchana kinaweza kutoa picha ya uongo.